Mlinzi Asiyejua Utani

1

Onyo lilimkuta Redempta Kikoti ofisini kwake Dodoma, chapati mkono wa kushoto, mkono wa kulia ukichagua picha ya kubandika kwenye ukurasa wake mpya wa Mjenzi Mkuu. Kesho yake saa nane mchana alikuwa aapishwe. Watu wa Idara ya Kurasa walishaanza kumwita "mkubwa" kwenye korido, na yeye alishaanza kujifanya hasikii, jambo ambalo ndilo dalili ya kwanza ya ukubwa.

Skrini ikawa nyekundu.

*Ukurasa wa Kata ya Itengelo, Iringa. Kauli za chuki tangu asubuhi: mia nne na kumi na mbili. Zikifika elfu moja, mlango utafungwa kwa siku thelathini.*

Chapati ilirudi kwenye sahani. Itengelo ndiko kwao.

Miaka ya mwanzo, ukurasa wa kata ukizimika watu walikosa matangazo, wakaenda kuulizana sokoni, maisha yakaendelea. Sasa ukurasa ndio kata yenyewe. Mabomba ya maji yalifunguliwa na ukurasa. Foleni ya zahanati ilipangwa na ukurasa. Hata kibali cha kuzika kilitoka humo humo, na Itengelo ilikuwa na mtu wa kuzika: Mzee Filimoni Mdemu, mwalimu mstaafu, aliyekufa juzi akiwa ameshika redio yake. Maziko yalipangwa kesho saa tisa alasiri.

Tena ukurasa wenyewe alikuwa ameujenga yeye. Alipomaliza kidato cha sita akakosa chuo, aliomba kompyuta ya ofisi ya parokia, akakaa nayo miezi minne, akaitengenezea kata yake ukurasa bila kuombwa na mtu na bila kupewa hata soda. Kupitia kazi ile mwenye duka mmoja wa mjini alimwita amtengenezee wa kwake. Kutoka dukani akaitwa shuleni, kutoka shuleni akaitwa mkoani, na kutoka mkoani Dodoma, ambako alipewa kazi iliyompatia jina: kuandika mzani wa Mlinzi. Miaka kumi na tano hiyo yote, kila Jumamosi alirudi kwenye ukurasa wa Itengelo kuutengeneza kwa kujitolea. Wenzake ofisini walidhani ni ugonjwa ambao cheo kingeuponya.

Mlinzi alikaa ndani ya kila ukurasa wa nchi, kwa sheria. Alisoma au kusikia kila sentensi iliyopita humo na kuipima kwa mambo matatu: maneno yenyewe, anayelengwa, na wangapi wanaodandia. Uzito ukizidi, alihesabu. Hesabu ikijaa, alifunga mlango, wala hakuwa na ndugu wala jamaa.

Redempta alifungua orodha aone nani kaingiliwa na nini huko kwao.

*Amka, mvivu wewe! Mvua imenyesha, umejilaza ili usipalilie.* Hiyo ilitoka kwa Kastuli Ngonyani, mzee wa miaka sitini na tisa.

*Wahehe waoga. Babu zetu waliwakimbiza mkajificha mapangoni, na leo mmemficha huyu kwenye sanduku. Mtoeni apigane!* Kastuli tena.

*Rudini mlikotoka, wezi wa ng'ombe nyie.* Na hiyo, jamani, ilitoka kwa Bibi Gaudensia, mjane wa marehemu.

Redempta alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Halafu akaona mzani wake mwenyewe umeandika pembeni ya jina la mjane: *mchochezi, daraja la pili*. Kicheko kikakatika hapo hapo.

Ulikuwa utani. Wangoni na Wahehe walipigana hadi wakachoka, zamani hizo, na walipochoka wakawa watani. Tangu hapo Mhehe hafi akazikwa bila Mngoni kuja kumtukana kaburini. Redempta alipoandika mzani aliorodhesha kila mahali ambapo mtu anaweza kutukana bila kudhuru: mpirani, jukwaani, mtu anaponukuu ya mwenzake. Utani haukumjia kichwani hata mara moja. Hakuna mtu aliyewahi kumweleza utani ni nini, na yeye hakuwahi kumweleza mtu. Alizaliwa akaukuta.

2

"Babu Kastuli, kamwene," alimsalimia kwa Kihehe kwenye simu.

"Kamwene, mateka wangu! Umesikia? Mmoja wenu katoroka. Amesikia msimu wa kupalilia umefika."

Nyuma yake zilisikika sufuria, mtu akipasua kuni, na kicheko cha watu wengi.

"Babu, nisikilize. Mlinzi anawahesabu. Mkifika elfu moja ukurasa unafungwa. Hamtakuwa na maji, hamtakuwa na zahanati, na kibali cha kumzika Mzee Mdemu hakitatoka."

Kicheko cha mzee kilipungua. "Anatuhesabu nini?"

"Matusi."

"Lakini haya ya kwetu si matusi."

"Mimi najua. Mashine haijui."

"Nani aliyeitengeneza asiiambie?"

"Mimi."

Sauti ya Kastuli sasa haikuwa na mzaha. "Sasa nikwambie, mwanangu. Filimoni nimetaniana naye miaka arobaini na mitatu. Alipofiwa na mwanawe wa kwanza alikaa siku nne hajala. Nilimtukana mimi mpaka akashika kijiko. Leo unataka nimzike kimya, kama mtu aliyeokotwa?"

"Naomba mnyamaze mpaka kesho jioni tu, babu."

"Sinyamazi," alisema Kastuli. "Ifunge hiyo mashine yako au uifundishe adabu." Akakata simu.

3

Njia ya mkato ilikuwepo. Kila aliyeandika mzani alipewa ufunguo wa mjenzi, na kwa ufunguo huo Redempta angeweza kuitoa Itengelo kwenye hesabu kwa kuandika mstari mmoja. Asingejua mtu. Aliuandika mstari ule, akaweka kidole juu ya kitufe cha kuthibitisha.

Kitu kimoja kilimzuia: alitaka kujiridhisha kwamba hafanyi vibaya. Basi akafungua kumbukumbu za Siku Kumi na Moja.

Kila mtu nchini alizijua. Miaka ishirini iliyopita, katika mji wa Mbugani, majirani waliokuwa wakiazimana chumvi walichomeana nyumba, na yote yalianzia kwenye ukurasa wa kata. Watu mia mbili na kumi na wanne walikufa. Sheria ya Kauli ilitungwa kwa ajili yao, na Mlinzi pia. Redempta alitafuta sentensi za siku ya kwanza, akiwa na uhakika kwamba zitakuwa na sumu inayoonekana kwa macho.

Ya tano kutoka juu ilisema: *Rudini mlikotoka, wezi wa ng'ombe nyie.* Chini yake watu thelathini walikuwa wamecheka.

Aliisoma mara tatu. Ilikuwa ile ile ya Bibi Gaudensia, neno kwa neno. Mashine haikukosea. Kwa maneno peke yake, mjane wa Itengelo na muuaji wa Mbugani walikuwa mtu mmoja, na mlango ambao angewafungulia ndugu zake kimyakimya ungebaki wazi kwa kila mwenye kiberiti. Redempta alitoa kidole kwenye kitufe. Akainuka, akaenda moja kwa moja kwa mkuu wake, akamweleza yote, hata ule mstari.

Bi. Shamsa Kombo Vuai, mwenyekiti wa Baraza la Mlinzi, alikuwa mama wa Kiunguja wa miaka sitini na mbili, mwenye ushungi mweupe na macho yasiyopepesa. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ungenificha ningekufukuza leo leo," alisema. "Sasa umenambia, hata sijui nikufanye nini."

"Bi. Shamsa, kule wanataniana kweli. Nimezaliwa pale."

"Skiza, mwanangu. Kaka yangu Hamdu alikuwa na duka Mbugani. Wiki nzima walimwandika kwenye ukurasa wa kata, na wiki nzima yeye akinipigia simu ananambia, usijali dada, wananitania tu. Wote waliopanda kizimbani walisema hivyo hivyo. Tulikuwa tunatania, mheshimiwa." Alikunja mikono juu ya meza. "Kwa hiyo neno hilo usinambie mimi. Ukitaka Mlinzi aachie, nionyeshe tofauti ambayo mashine inaweza kuiona. Kitu kinachopimika. Si kwamba wewe unawajua."

"Na nikikosa?"

"Elfu ikifika, mlango unafungwa, na utakayeufunga ni wewe. Naja nawe huko, nikuone kwa macho yangu."

"Kesho saa nane ndiyo naapishwa, Bi. Shamsa."

"Basi chagua," alisema mama yule, akageukia kazi zake.

4

Walishuka kwenye treni ya asubuhi, na saa tatu walikuwa Itengelo. Hesabu ilikuwa mia nane na sabini.

Mtu wa kwanza kuwapokea msibani alikuwa marehemu. Ndivyo Bi. Shamsa alivyodhani, na alishtuka akamshika Redempta mkono, kwa kuwa picha ya Mzee Mdemu aliiona langoni, na sasa koti lile lile la kaki na kofia ile ile vilikuwa vikija vikichechemea, redio kwapani.

"Mmechelewa vipindi viwili!" alifoka yule mtu kwa sauti ya mwalimu. "Pigeni magoti hapo!"

Waombolezaji waliangua kicheko. Bibi Gaudensia, aliyekuwa amelia usiku kucha na sauti imemkauka, alicheka huku akijifuta kwa kitenge. "Vua nguo za mume wangu, mwizi wewe!"

Msiba ulikuwa ukirushwa moja kwa moja ukurasani, na kwenye saa ya Redempta namba ilipanda: mia nane sabini na moja.

"Huyu ndiye Babu Kastuli," Redempta alimwambia Bi. Shamsa, akatamani ardhi immeze. Halafu hasira ikampanda. Alimvuta mzee pembeni, nyuma ya turubai. "Babu, nimekuomba! Umeona nimekuja na nani? Hata saa mbili tu mmeshindwa kunyamaza?"

Kastuli alivua kofia ya marehemu, akamwongoza mpaka makaburini, mita mia mbili hivi, na Bi. Shamsa akawafuata. Kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa, kuta zake zimenyooka, udongo mwekundu umerundikwa vizuri upande mmoja. Ndani yake walikuwa wanaume watatu wakisawazisha chini. Wote watatu walikuwa Wangoni.

"Tumeanza jana alfajiri," Kastuli alisema, akafungua viganja. Malengelenge yalikuwa yamepasuka, mengine yamefungwa kwa kitambaa. "Wafiwa hawashiki jembe. Wafiwa hawapiki, hawateki maji, hawaoshi vyombo. Ni sisi. Mimi hapa nimechimba, nimepasua kuni, na pilau la leo ni langu. Sasa baada ya hayo, nikimwambia Gaudensia kwamba mumewe alikuwa mvivu, nani atanizuia?"

"Mashine," Redempta alisema kwa uchungu.

"Jana alikuja Mngoni mwenzetu mmoja kutoka mjini. Kala, kacheka, katukana kuliko sisi wote, hajainua hata ndoo. Unajua tulimfanyaje? Tulimfukuza, sisi watani. Mtu asiyeshika kazi ya msiba akimtukana mfiwa, huyo ametukana."

Redempta alimkazia macho. "Rudia, babu."

"Nirudie nini?"

"Mlijuaje hajafanya kazi? Msiba una watu mia tatu."

"Si tuliangalia zamu!" Kastuli alimshangaa kama anayemwona ana homa. "Daftari la zamu, si wewe mwenyewe uliyetuwekea kwenye ukurasa? Kila anayefanya kazi anaandikwa, na wengine wawili wanathibitisha, mmoja wa upande wa wafiwa. Jina lake halikuwepo."

Redempta aliketi chini pale pale, pembeni ya rundo la udongo, na sketi yake ya ofisini.

Daftari la zamu. Ilikuwa kazi yake ya kwanza kabisa ya kujitolea, kabla hata hajajua kuandika msimbo unaoeleweka: nani kachimba, nani kachota, nani kapika, msiba kwa msiba, miaka kumi na tano. Mlinzi alipoletwa, mwongozo ulisema apewe maneno tu, na Redempta mwenyewe alilitenga daftari lile kwenye chumba chake, akaandika amri fupi: *kazi za msiba, puuza*. Mlinzi alisikia kila tusi lililosemwa Itengelo, na hakuwahi kuona jembe hata moja.

"Kinapimika," alisema. Kisha akapaza sauti, wachimbaji wakainua vichwa. "Bi. Shamsa, kinapimika!"

5

Alifanya kazi akiwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya jiko la msiba, kompyuta mapajani, moshi machoni. Msibani mtu hasimami bure. Mpishi mmoja alimpa Bi. Shamsa kisu na karai la vitunguu bila kumuuliza cheo chake, na Bi. Shamsa, baada ya kutazama kushoto na kulia kama anayemtafuta msaidizi wake, alikaa kwenye kigoda akaanza kumenya.

Kazi yenyewe ilieleweka kirahisi, ugumu ulikuwa kwenye kuiandika. Mzani wa zamani ulipima mambo matatu. Redempta aliuongezea la nne: je, aliyesema amemfanyia nini anayemsema? Mlinzi akikutana na kauli nzito, kwanza aende kwenye daftari la zamu. Akimkuta msemaji amefanya kazi ya msiba ule, na kazi imethibitishwa na wengine wawili, mmoja wao akiwa wa upande wa wafiwa, kauli ipite. Asipomkuta, kauli isipite, na ihesabiwe kama zamani. Kwa wafiwa ilikuwa kinyume: wao waliruhusiwa kumjibu yeyote aliyewafanyia kazi, kwa namna yoyote waliyotaka.

"Na kikongwe asiyeweza kushika jembe?" Bi. Shamsa aliuliza, macho yakimtoka machozi ya vitunguu.

"Anakaa na wafiwa," alijibu Kastuli, aliyekuwa akikoroga pilau kwa mwiko mrefu kama mpini. "Kukaa nako ni kazi. Tunamwandika."

"Na mtani aliye mbali, hawezi kufika?"

Redempta aliacha kuandika. Hilo alikuwa ameliona, na halikuwa na dawa. "Atazuiwa. Ni mtani wa kweli, na atazuiwa bure mpaka siku atakayokuja."

"Unalikubali hilo?"

"Linaniuma. Lakini nalikubali."

Bi. Shamsa alikata kitunguu kingine, polepole. Ilikuwa saa nane. Kwenye ukumbi wa Dodoma viti vilikuwa vimepangwa, na simu ya Redempta ilitetemeka mfukoni mara nne, mara tano. Aliiacha iteteme. Hesabu ilisoma mia tisa thelathini, kisha mia tisa arobaini na tano, maana kwaya ya wafiwa ilikuwa imeamua kuwajibu Wangoni kwa wimbo wa beti nyingi.

Saa nane na nusu mzani mpya ulikuwa tayari. Hesabu: mia tisa sabini na moja. Ili uanze kazi ulihitaji vidole gumba viwili, cha mjenzi na cha mwenyekiti. Redempta aliweka chake. Chini yake kulikuwa na maandishi madogo: madhara yoyote yatakayotokea yatakuwa juu ya jina hili. Aliyasoma, hakukiondoa.

Bi. Shamsa alifuta mikono kwenye khanga aliyoazimwa, akaishika kompyuta, lakini kidole hakikwenda.

"Mtu mwenye chuki ya kweli," alisema, "akija hapa, akachimba, akapika, akaandikwa, halafu akatoa sumu yake. Mashine itampitisha."

"Itampitisha," Redempta alisema. "Mama, mtu akija akachimba kaburi la baba yangu siku mbili, viganja vikapasuka, halafu akanitukana, mimi nitakaa chini nimsikilize. Amenunua haki ya kusikilizwa. Sidhani kama wenye chuki watakuwa wengi kwenye foleni hiyo."

Mwiko wa Kastuli ulisimama sufuriani. Bi. Shamsa alitazama turubai, sufuria, akinamama wanaoosha vyombo, na barabara inayokwenda makaburini.

"Wale wa Mbugani waliomwandika Hamdu," alisema hatimaye, na sauti ilikuwa ya dada wa mtu, si ya mwenyekiti, "walikuwa mamia. Tulimzika watu sita. Hakuna hata mmoja wao aliyekuja kushika chepe."

Akaweka kidole.

Mlinzi alirudi nyuma, akaanza kupima upya kila kauli tangu jana asubuhi. Namba ziliporomoka. Mia tisa sabini na moja ikawa mia sita, ikawa mia mbili, arobaini. Kastuli alianza kushangilia, akinamama wakaacha vyombo, na jina la Bibi Gaudensia lilipofutwa uchochezi mtu alipiga mluzi. Kisha namba ikasimama.

Tisa.

"Tisa zimebaki," Redempta alisema. Alizifungua. Zote zilitoka kwa mtu mmoja, jina la kubuni ambalo hakuna aliyelitambua Itengelo. Hakuwa kwenye zamu. Alikuwa ameanza jana jioni, akinakili maneno ya watani na kuongeza kidogo kidogo. Ya kwanza ilikuwa ya kuchekesha. Ya tano ilitaja nyumba tatu za Wangoni, na mtaa zilipo. Ya tisa, iliyoandikwa dakika ishirini zilizopita, ilisema watakaozizunguka leo saa kumi watazikuta tupu, wenyewe wako mazikoni.

Hakuna aliyekuwa ameiona. Kwenye kicheko cha mamia, nani angeiona? Mzani wa zamani ungemchanganya na Bibi Gaudensia, ukafunga mlango, na yeye angehamia kata nyingine.

Bi. Shamsa aliisoma mara mbili. "Hivi hivi," alisema. "Hivi hivi ndivyo walivyofanya Mbugani. Walijificha katikati ya wanaocheka." Hakupoteza dakika nyingine. Alishika simu yake, akaita polisi wa wilaya kwa majina yao, na sauti ya mwenyekiti ikawa imerudi mara mbili yake.

Mlinzi naye alikuwa ameshamjibu yule mtu, kwa lugha aliyoandikiwa na Redempta nusu saa tu iliyopita: *Kauli yako haijapita. Hujafanya kazi yoyote kwenye msiba huu. Zamu iliyo wazi: kubeba maji, saa tisa kasorobo. Ukimaliza, karibu useme.*

Dakika moja baadaye jina la kubuni lilitoweka kwenye ukurasa. Vijana wa pande zote mbili, Wahehe na Wangoni, walitumwa wakakae kwenye zile nyumba tatu, na walipofika walikuta askari wametangulia. Hakuna mlango ulioguswa.

Kibali cha kuzika kilitoka saa tisa kasoro dakika tano.

Walimzika Mzee Filimoni Mdemu kwa wakati, na alitukanwa sawasawa. Kastuli alisimama juu ya kaburi na koti lile, akamwambia marehemu asidhani amepona, akifika huko atawakuta Wangoni wametangulia kumsubiri. Kisha akavua koti, akalikunja vizuri, akampa Bibi Gaudensia kwa mikono miwili, na hapo mzee alilia waziwazi kama mtoto, na mjane ndiye aliyemtukana mpaka akanyamaza.

Ndipo Redempta alipotoa simu mfukoni. Dodoma walikuwa wamepiga mara kumi na saba. Alianza kumweleza Bi. Shamsa kwamba ataandika barua ya kuomba radhi, kwamba ikibidi atasubiri mwaka ujao, lakini mama yule alimnyang'anya simu, akawaambia waliokuwa upande wa pili watoe viti ukumbini, Mjenzi Mkuu ameshaapishwa. Walipouliza wapi na nani kashuhudia, aliwajibu kuwa ni jikoni, na mashahidi ni mia tatu.

Redempta alijizuia asirukeruke, msiba ni msiba. Alishindwa. Aliruka mara mbili.

Pilau likapakuliwa. Bi. Shamsa alikula kijiko kimoja, akatafuna kwa muda mrefu, akaweka sahani chini. Halafu akaomba kompyuta. Aliandika kwa vidole vinavyonuka vitunguu, taratibu, akifuta na kuandika tena, kwa kuwa kwa miaka ishirini hakuwa amemtania kiumbe yeyote.

*Kastuli Ngonyani, hiki ulichotulisha si pilau, ni wali uliopata ajali. Kwetu Unguja ungefungwa jela wewe pamoja na sufuria.*

"Bi. Shamsa, lakini wewe si mtani wa mtu hapa," Redempta alisema. "Na kama hukuandikwa zamu, Mlinzi hatakupitisha..."

"Nani kakwambia?" Kastuli alidakia. "Utani ulianzaje? Watu walikutana njiani hawajuani, wakabebeana mizigo. Muache apime!"

Mlinzi alipima. Watu walisogea, vichwa vikarundikana juu ya skrini, na mtu wa nyuma aliyekuwa haoni alipiga kelele asomewe. Redempta akawasomea kwa sauti.

*Shamsa Kombo Vuai. Kumenya vitunguu, saa mbili. Mashahidi: mpishi mmoja, mfiwa mmoja. Pita.*

Kastuli alitupa mwiko juu. Kicheko kilicholipuka jikoni mle kilisikika hadi barabarani, na katikati yake mwenyekiti wa Baraza la Mlinzi alicheka mpaka ushungi ukamvuka, akashika bega la mzee asianguke, akasema ana mengine mengi ya kusema juu ya pilau lile na asikatizwe na mtu.